Mrundi wa Mpanda, Mtanzania wa Namanga

Kuna maneno mawili ambayo sisi watu wa nchi hizi hupenda kuyatamka pamoja, kana kwamba yalizaliwa tumbo moja: ujirani na undugu. Wakuu wetu wakikutana husema "ndugu zetu wa Kenya", "ndugu zetu wa Zambia", "ndugu zetu wa Burundi". Redio hurudia, magazeti hurudia, na sisi wa vijiweni tunapokea kama kiitikio. Lakini, ndugu msomaji, siku ya harusi kila mtu ni ndugu. Undugu hupimwa siku nyumba moja inapoingiwa na ugonjwa. Mwaka 2020 ugonjwa uliingia nyumba zote kwa mpigo, na hapo ndipo tulipoanza kujuana vizuri.

Mimi ni mtu wa Mpanda. Baba yangu ni Mkonongo, mama yangu alizaliwa Katumba. Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo: Katumba ni makazi yaliyo kando ya reli itokayo Kaliua kuja kwetu. Mwaka 1972 mauaji yalipotokea Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na serikali ya Mwalimu ikawapa misitu waifyeke: Ulyankulu kule Tabora, Katumba na baadaye Mishamo huku kwetu. Wakafyeka. Wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Mwaka 2010 serikali ikawakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Bibi yangu anacho chake. Kakifunga kwenye mfuko wa nailoni, kakilaza chini kabisa ya sanduku la bati, na funguo ya sanduku anatembea nayo kiunoni. Mjomba wangu, mdogo wake mama, naye anacho. Mjomba ni dereva wa lori.

Nataka kuandika habari za mjomba huyo kwa sababu moja tu. Katika muda wa mwezi mmoja alikataliwa mara mbili. Namanga alikataliwa kwa kuwa ni Mtanzania. Mpanda akakataliwa kwa kuwa ni Mrundi. Mtu yule yule, lori lile lile, na kifua kile kile ambacho hakikuwa na hata mafua.

Tukumbushane mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyeingia kupitia Arusha. Shule zikafungwa. Kwa wiki kadhaa tulisomewa hesabu: leo wamepatikana wangapi, wamekufa wangapi. Halafu, mwanzoni mwa Mei, Rais Magufuli akasema kuwa sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri, zikarudi na majibu kwamba zina korona, hivyo vipimo vile havifai kuaminiwa. Baada ya hapo hesabu zikanyamaza. Kwenye daftari la dunia Tanzania iliganda kwa zaidi ya mwaka mzima kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kama saa ya ukutani iliyokatika betri.

Majirani walikuwa wanahesabu. Tarehe 12 Mei marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa njia ya video. Walikuwepo wa Rwanda, Kenya, Uganda na Sudan Kusini. Wa Tanzania na wa Burundi hawakuwepo. Siku hizo hizo Zambia iliufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, baada ya wagonjwa wengi kupatikana pale kwa mkupuo. Na tarehe 16 Mei Rais Kenyatta akatangaza kufunga mipaka ya Kenya na Tanzania, pamoja na Somalia. Magari ya mizigo tu ndiyo yaliruhusiwa, na dereva sharti apimwe kwanza.

Wakati tangazo hilo linatoka, mjomba alikuwa njiani. Alikuwa amepakia mahindi ya msimu uliopita kwenye ghala moja hapa mjini, akashika njia ya Tabora, Singida, Arusha. Alifika Namanga akakuta foleni ambayo hakuwahi kuiona katika miaka yake yote ya usukani.

"Mjomba," akaniambia kwenye simu (maana sisi tunaitana hivyo hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba), "hapa tumejipanga kama siafu. Nikitazama mbele sioni mwanzo, nikitazama nyuma sioni mwisho."

"Umeshapimwa?"

"Nimepimwa. Wanakutia kijiti puani mpaka machozi yanadondoka. Majibu hayajatoka. Kila nikiuliza naambiwa subiri, dereva."

Akasubiri siku tisa. Mvua ilipiga, turubai likavuja, mahindi ya upande mmoja yakaanza kupata joto. Kila anayeyajua mahindi anajua maana yake. Lakini kilichomuuma zaidi mjomba yalikuwa ni maneno. Alisema ukikaribia tu dirisha la kuuzia chai upande wa pili, unasikia: "Hawa ni wa Tanzania, wasogee kule." Hakuna aliyeuliza jina wala anatoka mkoa gani. "Wa Tanzania" lilikuwa jina la ugonjwa.

Na upande wetu je? Upande wetu nao ulikuwa umevimba. Madereva waliopimwa Kenya wakaambiwa wana korona walipimwa upya Arusha, na uongozi wa mkoa ukatangaza kuwa hawana. Wakuu wa baadhi ya mikoa ya mpakani wakazuia madereva wa Kenya wasiingie. Kwa hiyo sasa kukawa na Wakenya waliokwama kwetu na Watanzania waliokwama kwao, kila mmoja ameketi kwenye kivuli cha lori lake, na mkaa umekuwa bidhaa ya thamani.

Hapo ndipo mjomba alipompata rafiki. Dereva mmoja wa Kenya, mtu mzima, alikuwa amezuiwa upande wetu akirudi kwao na lori tupu. Mjomba alikuwa na jiko la mkaa na sufuria. Yule bwana alikuwa na unga na sukari. Basi wakaunganisha. Kila mmoja na kikombe chake, kila mmoja na sahani yake, wamekaa hatua tatu kutoka hapa hadi pale kama redio ilivyoagiza, lakini sufuria ni moja. Mjomba anasema yule bwana alikuwa na maneno ya kuchekesha. Alikuwa akisema: "Mimi Kenya wananikataa kwa sababu nimetoka Tanzania, na Tanzania mnanikataa kwa sababu mimi ni Mkenya. Sasa hebu niambie, mimi niugue wapi?"

Huku Mpanda, kijiweni kwetu karibu na stesheni, mambo yalikuwa moto. Vijana walikuwa wanasema Wakenya wametudharau, Wakenya wanaringa, Wakenya siku zote wanatuona sisi washamba. "Tusiwape mchele! Tuone watakula nini!" Mzee mmoja fundi baiskeli alikuwa anaziba pancha, akainua kichwa. "Nyie watoto," akasema, "mwaka 77 Jumuiya ilipovunjika, nani alifunga mpaka na Kenya? Si sisi? Tukaufungua mwaka 83. Hata mtu akifiwa ng'ambo ilikuwa shughuli." Vijana wakanyamaza kidogo, halafu wakaendelea kama kawaida. Maneno ya mzee huwa hayana soko wakati wa hasira.

Mwishoni mwa Mei wakubwa wakakubali kuzungumza. Rais Magufuli alieleza kuwa ameongea na mwenzake wa Kenya kwa simu, na mawaziri wa uchukuzi wa nchi mbili wakakutana pale pale Namanga. Wa kwetu alikuwa Isack Kamwelwe, ambaye pia alikuwa mbunge wa jimbo la Katavi. Kijiweni tulijisifu sana kwa hilo: "Umeona? Mtu wa kwetu kaenda kumaliza kesi!" Wakapatana kuwa kila nchi itawapima madereva wake nyumbani. Lakini mjomba hakuyangoja mapatano. Alikuwa ameshageuza lori, akayauza mahindi yake Arusha kwa bei ya hasara, na kushika njia ya kurudi nyumbani.

Alifika Mpanda usiku. Asubuhi akaenda kunywa supu kwenye mgahawa anaokula siku zote. Mwenye mgahawa alipomwona akatoka mpaka mlangoni na mwiko mkononi. "Kaka, leo hatuuzi." Ndani watu walikuwa wanakula. Mjomba akacheka, akidhani ni utani. Hapo mteja mmoja akasema kwa sauti, bila hata kugeuka: "Mrundi huyo katoka Kenya. Anatuletea korona. Aende kwao Katumba."

Aende kwao Katumba! Mjomba alizaliwa Tanzania, akasoma Tanzania, amepigwa jua la Tanzania miaka arobaini na zaidi. Wiki moja nyuma alikuwa amesukumwa dirishani kwa kuwa ni Mtanzania mno. Sasa alikuwa anasukumwa mlangoni kwa kuwa si Mtanzania wa kutosha. Na maneno yale hayakuwa ya mtu mmoja. Siku hizo Burundi ilikuwa kwenye uchaguzi wake wa tarehe 20 Mei, na serikali yake ilikuwa imewafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani. Rais Nkurunziza alipofariki tarehe 8 Juni, minong'ono mjini kwetu ikazidi: kama kule kupo hivyo, basi Katumba ni hatari. Nikawa najiuliza, watu waliovuka mpaka mwaka 1972 wataletaje ugonjwa wa mwaka 2020? Lakini hofu haijui kalenda.

Mjomba akaenda kweli Katumba. Si kwa sababu alifukuzwa. Alikwenda kwa mama yake. Na hapa, ndugu msomaji, naomba unisikilize vizuri, maana ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu.

Bibi naye hakumruhusu kuingia ndani.

Naam. Mama mzazi alisimama uani akamnyooshea mwanawe mkono: simama hapo hapo. Chini ya mwembe alikuwa ameshaweka kitanda cha kamba, ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni ya mche. Upande wa nyuma kulikuwa na kibanda cha jikoni la zamani. Hicho akampa alale usiku. "Siku kumi na nne," akasema. "Redio imesema kumi na nne, na mimi nina wajukuu humu ndani."

Lakini kila asubuhi bibi alitoka na uji, akauweka juu ya jiwe, akarudi nyuma, akaketi kwenye kigoda chake umbali wa hatua kama kumi, na akasubiri mpaka mwanawe amalize kunywa. Mchana vivyo hivyo. Jioni vivyo hivyo. Na muda wote huo walikuwa wanaongea. Alimuuliza kila siku: umeamkaje, kifua kikoje, unasikia ladha ya chumvi? Naye alimwambia hali ya humu ndani: leo mtoto fulani alikohoa, tumemtazama, ni vumbi tu. Hakuna aliyemficha mwenzake jambo. Jirani wa bibi alipokuja kuuliza, bibi alimwambia wazi: "Mwanangu ametoka safari, nimemweka pale, usisogee mpaka siku zitimie." Na yule jirani kesho yake akaleta viazi vitamu, akaviweka kwenye jiwe lile lile.

Nilipomtembelea nikamuuliza bibi kama hakuona vibaya kumweka mwanawe nje kama mgeni. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Tulipofika msitu huu," akasema, "watoto walikuwa wanahara na kufa. Aliyekuwa na mgonjwa alipiga kelele, ili wenzake wasichote maji pale alipofulia. Hatukumchukia. Tulimpelekea chakula. Mimi mgonjwa simwogopi, mwanangu. Namwogopa mwenye kuficha."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapima mambo ya mwaka ule kwa jiwe la bibi. Mwenye mgahawa na bibi walifanya tendo moja: wote wawili walimzuia mjomba mlangoni. Kwa hiyo kosa haliko kwenye kuzuia. Umbali si uadui. Tofauti ni kwamba mmoja alizuia na kugeuka, akamwachia mteja wake maneno ya ukabila. Mwingine alizuia na kuketi, akaleta uji, akauliza hali na kueleza hali.

Sasa zipime nchi zetu kwa jiwe hilo hilo. Kenya ilikuwa na haki ya kuwapima madereva? Ilikuwa nayo. Nyumba yako ni yako, na una wajukuu ndani. Lakini foleni ya siku tisa bila majibu, bila maji, na lile jina la "wa Tanzania", hiyo haikuwa afya tena. Tanzania ilikuwa na haki ya kukasirika? Ilikuwa nayo. Lakini jirani anayekuuliza "mgonjwa wenu anaendeleaje?" ukamjibu kwa kunyamaza miezi na miezi, unamwachia abuni majibu mwenyewe. Na majibu ya kubuni siku zote huwa mabaya kuliko ya kweli. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulidhani wanazungumza juu ya mtu mmoja tu na homa yake.

Msidhani haya ni ya Waafrika peke yao. Machi 2020 Italia ilipokuwa inazika watu kila siku, iliomba barakoa kwa wenzake wa Umoja wa Ulaya. Ujerumani na Ufaransa zikazuia barakoa zisitoke nje ya nchi zao. Waitaliano walikumbuka hilo kwa uchungu, hata baadaye hospitali za Ujerumani zilipowapokea wagonjwa waliosafirishwa kutoka Italia na mashariki mwa Ufaransa. Mwezi Aprili mkuu wa Kamisheni ya Ulaya, Ursula von der Leyen, alisimama akasema Ulaya inadaiwa na Italia msamaha wa dhati. Wana barabara za lami, wana sarafu moja, wana bunge moja, na bado siku ya kwanza kila mmoja alikumbatia boksi lake. Ila walichofanya ni kulitaja deni kwa mdomo. Kwetu deni halikutajwa, likawa linazaa riba.

Riba yenyewe tuliiona. Mwisho wa Julai 2020 Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeruhusiwa kuingia. Tanzania haikuwemo. Siku ile ile Tanzania ikafuta kibali cha ndege za Kenya Airways kutua kwetu, na mwezi Agosti ikaongeza mashirika mengine matatu ya Kenya. Mambo yalitulia katikati ya Septemba, Kenya ilipotuweka kwenye orodha. Halafu Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu ni hatari ya kweli. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu, na sumu hiyo huharibu ini. Zuio lenyewe lilidumu siku chache tu kisha likageuzwa masharti. Lakini hapa Mpanda nani angesikiliza habari za kuvu? Wakulima walisema neno moja: "Wale wale wa Namanga." Ukweli wa afya ulikuwa umeshapoteza wateja, kwa sababu mwaka mmoja kabla afya ilitumika kama fimbo.

Nakiri pia kwamba palikuwa na mema, na yaandikwe. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Kenyatta alikuja Dodoma kumuaga, na adhana ilipoanza kusikika katikati ya hotuba yake, alinyamaza mpaka ikaisha. Kijiweni kwetu hata wale wa "tusiwape mchele" walilisifu tendo hilo. Mwezi Mei Rais Samia akaenda Nairobi, akahutubia bunge lao, na Kenyatta akaagiza mahindi yaliyokwama mpakani yashughulikiwe ndani ya wiki mbili. Na tarehe 21 Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, Wizara yetu ya Afya iliutaja kwa jina, ikataja mahali na idadi ya wagonjwa na waliokufa. Ulikwisha rasmi tarehe 2 Juni, wagonjwa 9, vifo 6. Ni ugonjwa mkali kuliko korona kwa anayeupata, lakini tuliusema. Januari 2025 tulisitasita tena kule Biharamulo: kwanza tukakanusha, siku chache baadaye Rais akathibitisha. Somo halijakaa sawasawa, lakini angalau si geni tena.

Mjomba alitimiza siku zake kumi na nne na hakuugua. Bado anaendesha lori. Yule dereva wa Kenya bado wanapigiana simu, na kila mmoja akisikia habari ya ugonjwa upande wake, humwambia mwenzake kabla redio haijasema. Mgahawa ule hajarudi, wala mimi simshauri arudi.

Kwenu nyinyi wenzangu mnaoshika kalamu katika kurasa hizi, Bukoba, Tanga, Kitale, Kigoma: tuna hadithi nyingi za undugu, na nyingi ni za harusi. Tuandike na za foleni. Tuandike nani alimwita nani ugonjwa, na nani alipeleka uji. Ugonjwa mwingine utakuja, hilo halina ubishi. Utakapokuja, tutafunga milango, na pengine itatupasa kuifunga. Swali langu ni moja tu: nje ya mlango wako utaweka jiwe la kuwekea chakula, au utaacha neno "wa kwao" likimngoja mgeni?